Ndege ya Nyololo

Uyole, mchana

Kwa Ambokile mwanangu, uliye kambini.

Nakusalimu. Huku sote ni wazima. Mimi mzima, mama yako mzima, ng'ombe nao wazima isipokuwa yule mwekundu ambaye tangu tumlete hajapata kuwa mzima hata siku moja. Barua hii ataileta mama yako kesho asubuhi, kabla hamjapangwa mstari kwenda uwanjani. Usishangae ikiwa ndefu. Watu wanasema Anganile hajui kuandika. Najua. Ila naandika polepole, na herufi zangu ni kubwa. Karani wa baraza mwenyewe aliwahi kusema tangu azaliwe hajaona herufi kubwa namna hii.

Mambo ya kila siku siyasemi. Blanketi, chakula, kusali, marafiki wabaya, hayo mama yako atakuambia, na ukisahau atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la kesho uwanjani. Wewe unajua, mimi najua, na mke wako anajua, kwamba pale hatuwezi kusimama wote wawili, mimi na yeye. Mmoja atakuja kukuona unapanda ndege ya kampuni ya migodi, mwingine atabaki nyumbani asikie ngurumo. Mke wako aliniletea ombi kwa mdomo wa shangazi yako tulipokuwa Iringa. Nilijibu. Hukuambiwa nilijibu nini, kwa sababu mimi na wewe tangu safari ile hatujazungumza ila habari za ng'ombe na mvua.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kinyakyusa siwezi kuandika habari za mkamwana wangu, mkono unakataa. Katika lugha ya kwetu hata ukisema "yule" tu, watu wanaangalia chini. Kiswahili ni lugha ya lori na ya soko na ya kazi za wazungu. Unasema unachotaka halafu unaenda zako.

Kwanza ujue kwamba sina hasira. Sina huzuni pia. Tangu siku uliyotia saini kwenye karatasi za kampuni sijasikia kitu. Mama yako analia jikoni, anatoka na macho mekundu ananiuliza, "Wewe mbona hulii?" Namwambia nimechoka. Sijachoka. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unaona ni mguu wa mtu mwingine. Basi ndivyo nilivyo. Nakula, nakata majani, nalala, na usingizi wangu ni mzuri sana, hakuna mzee hapa Uyole anayelala kama mimi.

Wewe hukukulia Rungwe, kwa hiyo mambo haya unayafanya lakini hujui yanatoka wapi. Enzi zetu vijana walikuwa wanajenga kijiji chao, mbali na kijiji cha baba zao, ili mke wa kijana asikutane na baba mkwe. Tunaita kutila, maana yake kuogopa, na kuogopa huko ndiyo heshima. Hanioni, simwoni. Sauti yake siisikii. Nikija njiani anaingia migombani mpaka nipite. Mimi nilipohamia hapa kutafuta shamba, kijiji cha vijana hakikuwepo, kulikuwa na baridi na majani tu. Ndiyo maana nilipanda ile migomba kati ya nyumba yangu na mahali ulipojenga wewe. Watu walisema migomba haioti hapa, baridi itaiua. Ikaota. Nenda kaulize kote mpaka Mbeya mjini kama kuna mtu ana migomba iliyosongamana kama ile. Tangu mlipooana nyuma yake kuna mkamwana wangu, na mimi simjui uso. Namjua kwa moshi wa jiko lake na kwa namna anavyotwanga, maana anatwanga upesi upesi kama mtu anayefukuzwa.

Uliponiambia mnakwenda Iringa kumuaga shangazi, ukasema, "Baba, wewe kaa nyumbani, sisi tutarudi upesi." Ulisema vizuri, kwa adabu. Mimi nikasema dada yangu ni dada yangu, siagiwi dada na mtu. Mama yako akasema, "Lori moja, na mkwe humo humo?" Nikasema nitakaa mbele na dereva, yeye atakaa nyuma na magunia, katikati kuna bati la kabini, na bati ni ukuta kama ukuta mwingine. Hapo niliona nimewashinda wote.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kile kioo cha pembeni. Tulipopita Chimala nikaona kioo kinatazama nyuma, kinaonyesha magunia, na kitambaa cha mtu kinapepea. Nikatoa mkono dirishani nikakifunika kwa kofia. Yule dereva Mbena, mnene yule, akaniambia, "Mzee, toa kofia yako, sioni nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna magari."

"Kuna mkwe wangu."

Akanitazama, akatazama barabara. "Basi ishike isianguke," akasema. Wabena nao ni watu, wana wakwe zao. Akaendesha bila kioo mpaka Makambako, tukafika salama, kwa hiyo kioo kile nadhani si cha lazima sana. Mkono wangu ulikuwa umekauka kwa upepo.

Unakumbuka tulivyopatana. Kila lori likisimama, mimi nakaa, nisishuke. Wewe unamshusha mke wako, anakwenda upande wake, halafu wewe unagonga bati la kabini. Ukigonga, njia ni nyeupe, nashuka. Chimala uligonga. Makambako uligonga. Nyololo hukugonga.

Wewe ulikuwa umekwenda na ndoo kutafuta maji ya injini. Hiyo naijua sasa, wakati ule sikuijua. Nilikuwa nimekaa, nimeshika kofia yangu magotini, naangalia ule ukungu wa Mufindi unavyotambaa juu ya majani. Abiria wote walikuwa wameshuka wanakwenda kuangalia ile ndege. Nilikuwa nimesikia habari zake zamani. Ilishuka kwenye shamba la mzungu mmoja wakati wa vita ya pili, ikakataa kuruka tena, basi mzungu akaivuta kwa ng'ombe mpaka kando ya barabara, akaijengea paa la mabati, akaweka pembeni magurudumu, na lile panga la mbele, na kofia ya ngozi ya rubani kwenye kisanduku cha kioo. Akaandika ubao: MAKUMBUSHO YA NDEGE. Mlinzi wake yule Bwana Salumu, baba yake alikuwa mtu wa pwani, ana kibanda cha chai hapo hapo, anaita wapita njia.

"Karibuni jamaa zangu, karibuni! Kuangalia ndege ni bure! Chai ndiyo si bure!"

Halafu nikamsikia kijana mmoja, Mhehe, mwenye koti la kaki, anawaelezea wenzake kwa sauti kubwa kwamba ile ni ndege ya Wajerumani.

Mwanangu, mimi ndiye niliyetengeneza uwanja wa ndege wa Mbeya. Si peke yangu, tulikuwa wengi, lakini waliofanya kazi hasa ni wachache. Nimesawazisha ardhi ile kwa miguu hii. Nimebeba mawe. Lile duara jeupe katikati ya uwanja nimelipaka chokaa mimi, mzungu wa kazi akasema hajaona duara lililokaa sawa namna hiyo. Halafu nikae kwenye kabini nimsikilize mtoto wa Kihehe anaita ndege ya Waingereza ndege ya Wajerumani? Nilishuka. Sikungoja bati.

"Kijana," nikamwambia, "ya Wajerumani ina msalaba. Hii ina duara. Duara unalijua?"

"Nalijua, mzee."

"Hulijui. Mimi ndiye najua duara."

Watu wakacheka, wakanipisha. Nikasimama pale penye ule mlango wake mdogo, nikaegemea kidogo, kama mwenye nyumba. Nikaanza kuwaeleza. Nikawaambia kwamba ndege haipendi upepo wa mgongoni. Nikawaambia kwamba ile si chuma, ni bati jepesi kama sufuria, na ili waamini nikaipiga kwa fimbo yangu. Ikalia. Nikaipiga tena.

"Taratibu, mzee wangu," Bwana Salumu akasema. "Makumbusho hayapigwi fimbo."

"Makumbusho ndiyo nini?"

"Ya kukumbushia watu mambo ya zamani."

"Mimi sikumbushwi. Mimi nakumbuka mwenyewe." Nikaipiga tena.

Kumbe mke wako yumo ndani.

Alikuwa ameshuka kwenye magunia, ameenda na wanawake wenzake kuitazama, amesimama pale pale. Aliponiona natoka kwenye kabini alitafuta pa kujificha. Nyololo hakuna migomba. Nyololo kuna majani yanayofika kwenye vifundo vya miguu na upepo. Akaingia kwenye ndege. Mimi nikaja nikasimama mlangoni.

Na ndani mlikuwa na nyigu. Walikuwa wamejenga juu, penye paa lake, na kila nilipopiga fimbo walishuka.

Niliwaona wanaanza kutoka kwenye vidirisha. Halafu nikaona, penye sehemu moja ambapo bati limebanduka, kisigino cha mtu na pindo la kaniki. Nikajua. Wewe ulisema kwa shangazi yako kwamba sikujali. Hapo ndipo nataka unisikilize, halafu uamue mwenyewe. Fimbo niliiacha hapo hapo, sikupiga tena. Lakini sikuondoka. Nilifikiri hivi: nikiondoka ghafla, watu wote watajua nimemwona, wataangalia ndani, wataona mkwe wa mtu amejikunyata humo, itakuwa hadithi ya barabara nzima mpaka Dodoma. Basi nikageuza mgongo kwenye bati, nikaongeza sauti, ili watu wanitazame mimi, yeye apate nafasi ya kutokea upande wa pili. Nikawaambia habari za mafuta. Nikawaambia habari za marubani, jinsi wanavyovaa miwani. Siwezi kusema maneno hayakuwa matamu mdomoni. Yalikuwa matamu. Watu wengi, wananisikiliza, hata yule Mhehe kafunga mdomo.

Upande wa pili haukuwa na mlango.

Sikujua. Mimi niliyetengeneza uwanja sikujua kwamba ndege ile ina mlango mmoja. Nitajuaje? Siku ndege zilipokuwa zinashuka Mbeya, sisi wa kazi tulikuwa tunafukuzwa mpaka kule mwisho wa majani, tunaziona kwa mbali kama nzi. Sijawahi kuigusa hata moja kabla ya ile ya Nyololo. Hilo sijamwambia mtu. Nilidhani kitu kikubwa vile lazima kiwe na mlango huku na mlango huku, kama kanisa.

Wewe ukaja na ndoo. Uliuliza wanawake, wakakuonyesha. Ukaitupa ndoo. Ukaniambia kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Mzee, toka mlangoni! Mke wangu yumo humo!"

Hukuniita Baba. Uliniita Mzee, kama unavyomwita mtu yeyote aliyezuia njia. Bwana Salumu akashika kichwa. Mimi nilisogea. Nilikwenda nyuma ya kibanda cha chai nikasimama, nimeelekea ukutani, ili atoke bila mimi kumwona. Nikasikia watu wanasema pole, pole, mama. Sauti yake sikuisikia. Bwana Salumu akanifuata na kikombe.

"Mzee wangu, mbona unatazama ukuta?"

"Natazama ulivyojengwa."

"Umejengwaje?"

"Vibaya."

Akaniwekea chai juu ya jiwe akaondoka. Sikuinywa. Ilipopoa nikainywa.

Kutoka pale mpaka Iringa nilishika kofia kwenye kile kioo.

Kule Kalenga, nje ya Iringa, nililala kwenye kibanda cha kuku cha shangazi yako, kwa sababu nyumba yake ina mlango mmoja na mke wako alikuwa ndani. Shangazi yako alinijia asubuhi na uji. Unamjua dada yangu, tangu aolewe na Mhehe hasemi kwa kuzunguka tena. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, fundi wa ndege."

"Nipe uji."

"Mtoto wa watu uso umekuwa boga. Jicho moja halifunguki. Nimempaka kitunguu usiku kucha."

"Mlango ulikuwa mmoja," nikamwambia.

"Mlango mmoja, na mdomo mmoja. Ungefunga mdomo angepata mlango." Akakaa chini. "Unajua kwa nini hakupiga kelele?"

"Adabu."

"Angelia ungeisikia sauti yake. Nimemuuliza. Aliuma kaniki yake mpaka ikatoboka. Nimeiona." Halafu akasema, "Ana ombi. Siku ya ndege ya mume wake anataka asimame uwanjani, amwone anavyopanda. Anaomba wewe usije."

Nikamjibu, "Uwanja ule nilitengeneza mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuwepo."

"Na yeye atajificha wapi?"

Nikamwambia hilo si shauri langu. Hilo ndilo jibu langu, na mke wako aliletewa hivyo hivyo kama lilivyo, maana shangazi yako hapunguzi. Sasa umelijua.

Tangu hapo nimekaa na jibu langu. Sikujutia. Mtu akisema neno linakaa kama nguzo, usipolichimba halitoki lenyewe, na mimi sijazoea kuchimbua maneno yangu. Nilijiambia: katika ukoo wetu hakuna mtu aliyepanda ndege, huyu ni wa kwanza, na anaipanda kwenye uwanja wa baba yake, halafu baba akae nyumbani kwa sababu ya mwanamke? Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wa hapa. Wameniona nikipiga pasi koti.

Nikuambie habari ya Lupa, kisha nitarudi hapa. Unajua nilikuwa Lupa wakati wa dhahabu. Unajua nilikuwa nyapara, nimekuambia mara nyingi. Sijakuambia kwamba siku moja tulikuwa chini, mimi na Msafwa mmoja, mtu mdogo tu, anaitwa Njelu, hajui kusoma wala kuandika. Akasimama, akasema, "Tutoke." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui. Tutoke." Mimi nikasema siwezi kutoka shimoni kwa sababu ya sijui. Yeye akatoka. Udongo ukanishukia mpaka kiunoni. Nilikaa humo mpaka waliponifukua, na sikulia, na nyapara mwenzangu alisema hajaona mtu aliyefukiwa akatulia kama mimi. Aliyenifukua ni Njelu. Alikuwa anafukua na kunitukana, kwa Kisafwa, sikuelewa yote.

Huko unakokwenda shimo ni refu kuliko letu. Mtu akikuambia tutoke, toka. Usimuulize kabila. Usimuulize sababu. Hata kama hajui kitu, hata kama ni mjinga, toka naye, halafu mcheke wote mkiwa juu. Mimi nilichelewa kuijua hiyo, na hata baada ya kuijua nimeendelea kuisahau.

Basi leo asubuhi nilivaa lile koti nikaenda uwanjani. Sikumwambia mama yako. Nilifikiri labda kuna njia. Nilifikiri, yeye asimame pale kwenye waya ambapo watu husimama, mimi nijifiche. Mimi. Nikasema kama ni kujificha, nitajificha vizuri kuliko yeyote. Nitafute kichaka kimoja, nikae nyuma yake, nione ndege, yeye asinione, kila mtu apate.

Nikazunguka uwanja wote. Hakuna kichaka.

Nakumbuka kwa nini hakuna. Tulipokuwa tunausafisha, mzungu wa kazi alisema miti mikubwa itoke. Wenzangu waliacha vichaka pembeni, vya kupumzika na kwa haja zao. Mimi niliving'oa. Nilirudi jioni baada ya kazi nikang'oa kimoja kimoja na mizizi, nikamwita mzungu aje aone. Akasema safi. Nimeishi na hiyo safi miaka yote hii, nimewaambia watu: uwanja wa Mbeya hata sungura hana pa kujificha. Nilikuwa nasema kweli.

Askari wa pale akaniona nazunguka. Kijana, nadhani mtu wa Tanga, Kiswahili chake kina maji.

"Shikamoo, mzee. Watafuta kitu?"

"Marahaba. Natafuta kichaka."

"Kichaka cha nini tena, babu?"

"Cha kujificha."

Akashika rungu lake. "Umeiba?"

"Nina mkwe."

Akacheka mpaka akainama. "Babu, kwetu mkwe twala naye sahani moja."

"Ndiyo maana mnazungumza sana," nikamwambia.

Lakini alikuwa kijana mwema. Alinionyesha mahali kesho watakaposimama watu, pale kwenye waya, na mahali ndege itakapokaa. Akasema mkikaa kwenye viti mnapewa vidirisha, kila mtu chake, na ndege kabla ya kuruka inageuka polepole mbele ya waya, kwa hiyo kama una mtu wako pale utamwona, na yeye atakuona, muda wa kutosha kupunga mkono. Nikamuuliza, mlango wa ndege hiyo uko upande gani? Akaniambia. Nikasema ahsante.

Nikasimama pale pale kwenye waya. Nilipima. Nikija mimi, yeye atabaki nyumbani na atasikia ngurumo tu inapita juu ya paa. Atakuwa amekaa ndani, anasikia kitu kikubwa, haoni kitu, tena kwa sababu yangu. Hiyo nilishamfanyia mara moja. Na akija yeye, mimi nitasikia ngurumo. Mimi ngurumo za ndege nimezizoea.

Nilidhani nikilikata shauri hili nitasikia kitu, labda hasira, labda machozi. Sikusikia kitu. Upepo ulikuwa unapiga lile koti. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikavua koti, nikalitundika, nikachukua karatasi hii.

Mama yako nimekwisha kumwambia. Nilipomwambia alinitazama kama mtu aliyemwona mbwa wake anafungua mlango kwa mkono. Akapita migombani kumpelekea mke wako habari. Kule upande wa pili kinu kilinyamaza. Halafu kikaanza tena, lakini polepole, kama watu wengine wanavyotwanga.

Kuhusu lile neno la Nyololo, la kuniita Mzee. Sidai kitu. Ulikuwa unamtoa mtu wako mahali pabaya, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Na huko uendako ukimwona mtu amesimama mlangoni wakati watu wako wanaumia ndani, mwambie hivyo hivyo kwa sauti ile ile, awe mzungu, awe nani. Sauti yako ni nzuri. Umeipata kwangu.

Kesho nitakuwa shambani, napalilia. Sitakuwa uwanjani, wala barabarani, wala nyuma ya kibanda cha mtu yeyote, nisije nikasikia umeniona mahali. Ndege ikigeuka mbele ya waya, utakapopewa kidirisha chako, usipoteze muda kunitafuta mimi. Mtafute mke wako. Uso wake umekwisha kupona, mama yako anasema hakuna alama. Atakuwa mbele, mahali peupe, na hatajificha, kwa sababu hapatakuwa na mtu wa kumwogopa.

Mwangalie mpaka ndege iondoke.

Ni mimi niliyekuzaa,
Anganile, kwa mkono wangu mwenyewe.